Kuku Ambaye Shemasi Hakumwonyesha

Jokébed, mjane wa Mwalimu Nzanzu, hakuwa mwanamke wa kugombana mtaani. Alisomea ualimu, akamfuata mumewe kijijini Kipese, alikoongoza shule, na alipomzika akarudi kwenye nyumba yao ya mtaa wa Vulamba, mjini Butembo, na vitu viwili: jina safi la marehemu na kuku wa uani. Kuku walimlisha. Jina lilimfanya atembee wima.

Wakati wa vita vya pili vya waasi, waliposhika Butembo, askari wao walikuja mchana kutafuta kitoweo. Siku hiyo hawakubisha kwa jirani yeyote. Walikwenda moja kwa moja nyuma ya nyumba yake, wakawafunga kuku miguu. Mmoja akasukuma mlango wa jiko. Jokébed akamwambia mle kuna kuku mmoja tu anayelalia mayai, amekonda, amejaa chawa. Askari akachungulia, akaona manyoya yaliyotuna kando ya kuni, akafyonya, akatoka.

“Usitulaumu, mama,” alisema akiondoka. “Ule muzee wa kofia nyeusi njo alituonyesha kwako.”

Kofia nyeusi mtaani ilikuwa moja, ya Shemasi Apollinaire, jirani wa ng'ambo ya ua. Kuku wake hawakuguswa.

Hilo Jokébed angelimeza. Kilichomkwama kooni ni maneno yaliyofuata: kwamba mke wa Mwalimu anawapikia waasi, kwamba kuku aliwatoa kwa mikono yake mwenyewe ili wamlinde. Katika mji uliochoka kuporwa, maneno hayo yalinuka kuliko mzoga. Kanisani, wanawake wakaacha kumsogelea kwenye benchi. Alipouliza yalikotoka, wifi yake Kanyere alielekeza kidevu ng'ambo ya ua.

Kuku mwekundu aliyebaki aliendelea kulalia mayai ambayo sasa yalikuwa yameoza. Kanyere alitaka wamtumbukize kwenye maji baridi, joto limtoke, arudi kutaga. Jokébed alikataa. Alitupa mayai mabovu, akaacha moja la kumshikilia kuku pale pale. Alijua shida ya jirani. Apollinaire alikuwa ameleta kutoka Kasindi kuku wakubwa wa kizungu, na kuku wa namna hiyo hutaga sana lakini hawalalii. Kuku wa kienyeji mtaani nao, siku zilizofuata, walikuwa wameishia kwenye masufuria ya askari.

Basi Gracieuse, mke wa Shemasi, akaja kuomba mayai yao yalaliwe. Desturi ni kwamba mwenye mayai huyaleta, mwenye kuku huyalalisha, na vifaranga hugawanywa sawa. Jokébed alijibu kwa upole kwamba yuko tayari, ila Shemasi ayalete mwenyewe. Akayaleta, kofia kichwani, macho chini.

“Mama Mwalimu, Mungu akubariki. Upendo wa majirani ni kitu kubwa.”

“Ni kubwa, Shemasi,” akasema Jokébed, akapokea kikapu.

Mgongo wa Shemasi ulipotoweka, Kanyere akasogea. “Wifi, tuyachemushe kidogo tu. Nani atajua?”

“Mimi nitajua. Aliniharibia jina mbele ya batu. Nitamulipa mbele ya batu.”

Akamtunza kuku yule kuliko alivyowahi kumtunza mwingine: mahindi, maji, majivu ya kuulia chawa. Kuku alipotuna na kumdonoa mkono, alifurahi. Hasira nayo hutaka joto la kutosha, na mtu asiyeinuka ovyo.

Vifaranga walianguliwa wanene. Apollinaire alipodai fungu lake, aliambiwa wangoje wapate nguvu, watagawana Jumapili ya mavuno.

Jumapili hiyo, baada ya ibada, sadaka za shamba huuzwa kwa mnada uani pa kanisa. Shemasi huinua kila kitu na kumtaja aliyetoa. Apollinaire aliinua viazi, akainua maharage, kisha akafikia kapu lenye kuku mwekundu na nusu ya vifaranga. Akauliza ni sadaka ya nani, ingawa alijua.

Jokébed akasimama. “Ni ya nyumba ya Mwalimu Nzanzu. Hii njo kuku moja tu yenye baaskari waliacha, sababu hukujua kama iko mu jiko. Zile zingine, Shemasi, nani alibaonyesha?”

Apollinaire akamtazama mchungaji. Mchungaji akatazama ardhi.

“Sema, Baba,” Gracieuse akamwambia mumewe kwa sauti ya chini.

“Ni mimi. Niliogopea bakuku bangu.”

“Na nani alipikia baasi?” Jokébed akauliza.

“Hakuna. Nilisema tu.”

Jokébed akaenda mbele na kapu la pili. “Leta kofia, Shemasi. Fungu yako isipotee.”

Akawatia vifaranga ndani ya kofia nyeusi, mmoja mmoja, bila haraka. Apollinaire alipita Vulamba nzima kichwa wazi, kofia ameikumbatia kwa mikono miwili, nao vifaranga wakiinyea.

Huko uani pa kanisa, kwenye benchi, wanawake walisogea, wakamwachia Jokébed nafasi. Akaketi wima. Msamaha Shemasi hakuuomba siku ile, naye Jokébed hakuwa ameubeba.