Mkono Begani kwa Bazilio

Bazilio wa Nyakitonto alikuwa mnunuzi wa maharage, mtu wa kukaa kwenye kivuli cha ghala lake huku wengine wakibeba magunia. Mizani yake ilijulikana hadi Kibondo: kila gunia lilikuwa jepesi kwake kuliko lilivyokuwa kwa mgongo uliolileta. Mwaka 2015 alipotangaza kugombea udiwani, hakuna aliyeuliza sababu. Aliyezoea kula vya watu kwa kilo, siku moja hutamani kata nzima.

Kura za maoni za chama zilikuwa zimekaribia. Mpinzani wake, mwalimu mstaafu Stanislaus, alipita nyumba kwa nyumba kwa baiskeli. Bazilio aliona baiskeli ni aibu. Alitaka bango.

Akapanda basi hadi Kasulu mjini, kwenye studio ya Ridhiwani, kijana aliyejifunza kutengeneza picha kwa kuharibu za jamaa zake. Kuta zilijaa kazi zake: maharusi weupe kama mihogo iliyomenywa, watoto waliosimamishwa mbele ya maghorofa ya Dubai, marehemu waliovalishwa suti ambazo hawakuwahi kuzigusa. Studio za namna hiyo nimeziona Goma, Bujumbura na Lusaka. Kote huko watu hulipa wafanane na mtu mwingine, kisha hulalamika kwamba hawatambuliki.

Bazilio akatoa simu. Picha ilipigwa kwenye harusi ya binti yake, Kezia: yeye ameketi, amejaa kwenye koti, anacheka, nyuma yake amesimama mkewe, Theodosia, ameweka mkono begani kwake.

"Mzee, hii ni picha ya simu, ndogo," alisema Ridhiwani. "Ukiivuta ifike ukubwa wa bango itapasuka yote. Kaa hapo nikupige kwa kamera."

"Siku ile ndiyo nilipendeza. Tumia hiyo hiyo. Na huyu mama mtoe."

"Si mama watoto huyu?"

"Ndiye. Mgombea huonekana peke yake. Nikitokea na kitenge kilichopauka, watu watasema sina kitu."

Kitenge kile kilipaukia kwenye shamba la maharage lililomjengea ghala.

Ridhiwani hakubishana. Alimfuta Theodosia, akaweka anga la buluu mahali pake, na alasiri yote iliyobaki ikaishia usoni. Meno yalisafishwa, mikunjo ikafutwa, shavu likapakwa mwanga.

"Ongeza weupe kidogo."

"Mheshimiwa, hapo umetoka bomba!"

"Kidogo tu tena."

Kompyuta ilikuwa imechoka, ilikwama kila picha ilipokuzwa, kwa hiyo waliitazama ikiwa ndogo kama kadi ya harusi. Nao walitazama uso tu. Begani kulikuwa na kitu cha kahawia. Katika udogo ule kilionekana mkunjo wa koti.

Picha ikaenda kuchapwa Kigoma ndani ya flashi, kwa basi. Bango likarudi limeviringishwa, na Bazilio, kwa haraka ya kuonekana, akaamuru litundikwe sokoni Nyakitonto kati ya mikaratusi miwili bila kulifungua kwanza.

Uso wake ulikuwa umevunjika vijisanduku, mweupe kama mkate uliotolewa kabla haujaiva. Na begani, mkubwa kama koleo, mweusi, umekatwa kwenye kifundo, ulikaa mkono. Nao ulivunjika vijisanduku, lakini kidole gumba kilichopinda hakikujificha.

"Yoo! Mkono wa nani huo?" aliuliza Divine, muuza dagaa.

"Wa Theodosia," alijibu Swaumu kutoka kwenye madumu yake ya mawese. "Huoni dole gumba? Jembe lililipinda hilo."

"Na mwenyewe yuko wapi?"

"Muulize mumewe alikomtupa."

Jioni Bazilio alikuja na kipaza sauti kuhutubia. Alikuwa amefika pale anaposema anawathamini akina mama, Divine akasimama.

"Baba Kezia, mama aliyekulimia umemkata, umembakiza kiganja. Sisi utatubakiza nini?"

Soko zima likacheka. Bazilio akasema ni kosa la kijana wa Kasulu. Ilikuwa nusu ya kweli, na nusu hiyo ndiyo waoga hupenda kuishika.

Stanislaus alishinda. Sidhani alikuwa na lolote kubwa la kuwaambia watu. Alifika milangoni kwao na uso wake mwenyewe, na mwaka ule hilo lilitosha.

Kwenye mikaratusi, Theodosia ndiye aliyelishusha bango. Alilitandaza uani, picha juu, akainua kikapu na kumwaga maharage mabichi ya kuanikwa.

Bazilio alikuwa kibarazani. "Mama Kezia," alisema, "ligeuze basi."

"Upande huu ndio laini. Ule unashika vumbi."

Akainama, akaanza kuyasambaza kwa kiganja, akianzia machoni.