Hina Iliyonivua Uzee

Hina ile ilinigharimu mashine ya kushona ya mke wangu, na nikihesabu mara ya pili naongeza viatu, kucha za miguu na heshima niliyokuwa nayo kuanzia Kibabi hadi Mweso, kwa hiyo mkitaka kucheka chekeni tu, wenzenu walishacheka nikiwa nimefungua shati mbele yao.

Ilikuwa miaka ya vita, ile ambayo mtu alikuuliza habari za njia kabla ya habari za nyumbani. Nilikuwa nanunua maharagwe kwa wakulima wa Bihambwe na kuyauza Mweso, kazi ya mdomo kuliko ya mikono, lakini wakulima walikuwa wamekimbia na maharagwe yameozea mashambani. Ndipo nikasikia kwamba Papa Kasereka, mfanyabiashara wa Butembo mwenye duka pale Mweso, anatafuta mtu wa kumtuma Walikale kununua mafuta ya mawese. Nikaenda. Akanitazama kichwa (kilikuwa cheupe kama jibini ya Masisi) akasema, "Papa Furaha, njia ya Walikale inataka kijana. Nikikutuma wewe, nani atakurudisha?"

Mwingine angeenda zake nyumbani. Mimi niligeukia upande wa mke wake, aliyekuwa anauza sabuni na pakiti za hina kutoka Goma, naye akaniambia, "Hii haiko na chimie, dawa ya kiwanda, Papa, iko majani tu." Tukabishana bei mpaka akachoka. Uamuzi mbaya kuliko yote ya maisha yangu niliununua kwa punguzo.

Nikaikoroga na maji ya moto, nikapaka, nikafunga mfuko wa plastiki juu. Mke wangu, Mama Furaha, alisimamisha mashine yake akaniangalia.

"Mvi zako zilikukosea nini?"

"Zinatunyima kazi."

"Haya," akasema, akaendelea kushona, maana minervali, karo ya shule ya watoto, ilikuwa inatoka kwenye ile sindano, si kwenye mdomo wangu.

Nilipoosha, ndani ya nyumba kichwa kilionekana cha kahawia, nikaenda kwa Papa Kasereka, ambaye duka lake halina dirisha, akanisogelea, akasema "eh, kumbe", akanipa kazi. Kesho yake tulishika njia ya Walikale, kundi zima la wasafiri kwa miguu, jua likatoka, na wenzangu wakaanza kupunguza mwendo ili watembee nyuma yangu waone vizuri. Kumbe kwenye mvi hina inakuwa rangi ya chungwa. Hakuna aliyeniambia, wala sikuuliza, mimi ninayeuliza bei ya chumvi kwa kila muuzaji wa soko.

Sasa kuna jambo ambalo kwetu hata mtoto analijua: kwenye bariera, vile vizuizi vya njiani, watu wenye bunduki wakitaka wabebaji, vichwa vyeupe wanaviachia vipite na vichwa vyeusi vinabeba. Mvi zangu zilikuwa zimenipitisha miaka yote, na kwa kuwa sikuwahi kuzilipia, sikuwa nazihesabu katika mali.

Tulipofika kwenye bariera, nikajipanga na wazee.

"Wewe mwenye kichwa ya mandarine, unaenda wapi?" askari akaniita, kana kwamba nimejitwika chenza.

"Niko muzee, chef. Hii ni hina."

"Muzee anapaka hina ya nini? Iko bibi-arusi?"

Mistari yote miwili ikacheka, wa kupita na wa kubeba. Hapo ndipo nikafungua shati nimwonyeshe mvi za kifuani (mama mmoja aligeuza uso). Askari akazitazama, hakuwa na haraka.

"Kifua iko muzee, kweli. Kichwa njo itabeba."

Nikabebeshwa sanduku lenye uzito ambao sikuuliza ni wa nini. Siku ya kwanza vijana niliobeba nao waliniita Mandarine. Siku iliyofuata mmoja wao alianguka mtoni na sanduku lake, askari wakatuamuru tusisimame, na hakuna aliyeniita kitu tena.

Wazee waliopita walimpelekea mke wangu habari. Akakimbia kwa Papa Kasereka na mashine kichwani, akachukua bei ya kwanza aliyotajiwa, pesa zikapelekwa kwa mkubwa wa bariera, nikaachiliwa tukiwa tumeshaingia Walikale. Nilirudi bila viatu na bila hata chupa ya mafuta.

Kichwani sitapaka tena kitu zaidi ya maji. Lakini mashine bado iko dukani, Mama Furaha anashona kwa mkono mlangoni pake, macho yanamuuma wala halalamiki, na Papa Kasereka ananitajia bei mara mbili ya ile aliyompa. Nimeingia mle dukani mara nyingi, watu wanaoujua mdomo wangu wakasimama kusikiliza nitashusha kiasi gani, na kila mara mdomo umegoma, kwa sababu ile bei mke wangu aliipokea bila kubishana ili nirudi hai, na kila nikitaka kusema "hiyo ni ghali" namwona. Ninyi mnaojua kupatana, nishaurini: nianzie bei gani?