Dubwi Likivuka Tisini

Dubwi la kwenye grosari ya jirani yetu hapa Bigwa halina tofauti na mengine: sanduku la bati lenye picha za matunda, taa zinazowaka ovyo na tundu la kumeza sarafu za mia mbili. Nilikuwa nikilipita kwa dharau ya msomi, mpaka siku niliposoma karatasi iliyobandikwa juu yake. Ilisema donge kuu, yaani ile zawadi kubwa ya mashine, lazima litoke kabla ya kufika laki moja. Chini ya karatasi kulikuwa na namba nyekundu, na kila sarafu iliyoingia ilizipandisha kwa shilingi kumi.

Nafundisha takwimu chuoni. Neno "lazima" halinipiti hivihivi.

Wachezaji wana nadharia yao: mashine iliyokula sana imeshiba, na iliyoshiba iko karibu kutapika. Upuuzi mtupu. Mashine haikumbuki ilichokula jana. Lakini donge hili lilikuwa na kikomo, na kikomo kinabadilisha kila kitu. Nikakaa pembeni na soda yangu jioni kadhaa, nikitazama kinachoingia na kinachotoka, nikakadiria kuwa kwa kila sarafu mchezaji hupoteza kwa wastani kama shilingi hamsini. Donge likiwa elfu ishirini, unanunua matumaini tu. Likivuka elfu tisini, hata mkosi ukikuandama mpaka sarafu ya mwisho, utapoteza kama elfu hamsini na kuokota karibu laki.

Simtanki letu lilikuwa limepasuka, na mbeba ndoo wa nyumba ni mimi. Donge lile lingeninunulia simtanki dogo. Mke wangu nilimweleza mpango wote, pamoja na mchoro. Akauliza kama mchoro unashika maji.

Basi nikasubiri. Kusubiri kwenye grosari si kazi ya heshima. "Mwalimu," aliniuliza fundi baiskeli mmoja, "hiyo mashine unaitongoza au unaisahihisha?" Nilitabasamu kama mtu anayejua jambo. Namba zilipanda polepole: sabini, themanini na moja, themanini na sita. Siku namba zilipofika tisini na moja nilirudi nyumbani mbio, nikatia elfu hamsini mfuko wa shati, nikarudi.

Kwenye kiti alikuwa ameketi mjomba wa mke wangu.

Huyu ni mkulima wa Mgeta, huko juu milimani, saa kadhaa kwa lori. Alikuwa ameshuka na lori la kabichi, na lori lilikuwa linazibwa pancha ng'ambo ya barabara. Kwa Waluguru mjomba wa mke si mtu wa kupungiwa mkono. Ndiye niliyepelekwa kwake siku ya posa, nikakalishwa mkekani na kuulizwa kazi yangu hasa ni nini. Nilijibu, na sidhani kama aliridhika.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mkwe. Umetumwa unifuate?"

"Hapana, mjomba. Nilikuwa napita tu."

"Unapita unahema hivyo?" Akanionyesha kiganja chenye sarafu tatu. "Haya, wewe ndiye mwenye vitabu. Niendelee au niache?"

Ningesema aache, angeinuka, ningekaa mimi. Neno moja tu. Lakini jibu sahihi lilikuwa jingine, na nimelipwa maisha yangu yote kutoa majibu sahihi.

"Endelea, mjomba. Hapa ilipofika, inalipa."

"Vizuri. Basi niongezee."

Katika hesabu yangu nilikuwa nimeweka kikomo, hasara na mtaji. Mjomba sikumweka. Nikampa elfu hamsini yote, mama mwenye grosari akamchenjia, na mimi nikasimama nyuma ya kiti kama mpambe wa harusi. Donge lilitoka kwenye tisini na sita. Mjomba alizitia noti mfuko wa ndani wa koti, akakomba na sarafu zangu zilizosalia kwenye trei, akawatangazia waliokusanyika: "Mkwe wangu huyu ana nyota!" Kuhusu elfu hamsini hakusema kitu, na mkwe hana mlango wa adabu wa kulipitishia swali kama hilo. Lori likapiga honi, akaenda.

Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini. "Si ulisema lazima litoke? Limetoka."

Kinachonikera ni kwamba nilikuwa sahihi, na shahidi pekee wa usahihi wangu anaamini ni nyota. Tangu hapo hupiga simu kila Jumapili. "Imefika ngapi, mkwe?" Namtajia. Ningeweza kusema thelathini wakati ni themanini. Hiyo thelathini nimeifanyia mazoezi nikiwa peke yangu bafuni, inatoka vizuri kabisa. Nikisikia sauti yake, inakwama.

Jana nilikuta tisini na mbili. Kiti kilikuwa kitupu, na mfukoni nilikuwa na pesa ya kutosha. Nilikuwa nimeshaukunja mguu kukaa simu ilipoita.

"Imefika ngapi?"

Nilitazama zile namba. "Tisini na mbili, mjomba."

"Natafuta lori sasa hivi. Kaa hapohapo, mtu asiguse."

Nikakaa. Dubwi liliwaka usoni kwangu, limeiva, nami mikono nimeikunja kifuani. Baada ya muda fundi baiskeli akaja na kikombe cha sarafu, akasimama nyuma yangu.

"Mwalimu, cheza au pisha."

"Kiti kina mwenyewe."

"Yuko wapi?"

"Mgeta."

Alicheka hadi mama mwenye grosari akatoka ndani kuuliza kuna nini. Nikamwagiza soda nyingine.