Mpima Laini Aliyekataa Kusikia Mwangwi

Saa moja asubuhi, jua linapenya kwenye chumba cha mitambo ya simu kupitia dirisha dogo la juu, na linapozifikia safu za nyaya, chumba kizima kinaonekana kama kimeota nywele: za njano, za bluu, za kijivu. Katikati ya nywele hizo, juu ya stuli, ameketi mama mmoja. Amevaa hedfoni. Macho ameyafumba.

"Shhh," anasema, ingawa hakuna aliyesema neno.

Anachomeka waya na kusubiri. Uso wake unalegea taratibu, kama wa mtu anayesikiliza mvua inayonyesha mbali. Kisha anabonyeza swichi. Mahali fulani mjini, mteja wa kampuni ya zamani ya simu amekuwa mteja wa kampuni mpya, namba ikiwa ileile, na pengine wakati huo yuko mezani anapiga hadithi na watoto wake wala hajui kwamba amevushwa.

"Kahama huyo," anasema mama, akifumbua macho. "Na wala hajashtuka."

Wenzake humwita Sikio. Ana umri wa miaka hamsini na minne. Aliingia kampuni ya zamani akiwa binti, enzi za maopereta waliounganisha watu kwa mkono, na mitambo ya kujiendesha ilipoletwa, yeye akahamishiwa kitengo cha kupima laini.

"Laini mbovu haipigi kelele," anasema. "Inanung'unika. Ukiwa na haraka huisikii."

Haraka si tabia yake. Hata akisimulia maisha yake, huwa ananyamaza katikati ya sentensi na kutazama juu dirishani, mpaka unaanza kudhani amelala. Kumbe anachagua neno.

Mume wake alikuwa fundi wa nguzo katika kampuni hiyohiyo. Aliugua, akafariki, na hawakuwa wamejaliwa mtoto. Baada ya mazishi ndugu walikaa kikao na kuamua kwamba mjane arudi kwao.

"Mama mkwe alikuwa amekaa pembeni, kajifunika khanga, tukidhani analia," anakumbuka Sikio. "Mara akasema, 'Kama ni kurudi kwao, basi turudi wote wawili. Mimi hapa mnaniacha na nani? Na nyinyi?' Watu wakacheka, msiba wenyewe haujapoa. Basi, kikao kikaishia hapo."

Tangu siku hiyo wanawake hao wawili wanaishi pamoja katika nyumba ya kampuni yenye vyumba viwili na sebule, na simu ya mezani ambayo mama mkwe huifunika kitambaa alichokifuma mwenyewe. Simu ya mkononi hataki hata kuisikia. Anasema hawezi kuzungumza na kitu kinachoweza kuanguka chooni.

Kwa miaka mingi, mji mzima ulikuwa na kampuni moja tu ya simu za mezani. Aliyetaka laini aliomba, akasubiri, akasahau kama aliomba. Kampuni ya pili iliporuhusiwa, watu walishangilia, lakini furaha ilikuwa ya mapema. Mitambo ya kampuni hizo mbili haikuelewana. Majirani wanaotenganishwa na ukuta mmoja waliweza kupigiana simu, kila mmoja akawa anaongea peke yake. Na aliyetaka kuhamia kampuni mpya alilazimika kuiacha namba yake, kama mtu anayeambiwa ahame nyumba na jina aliache mlangoni.

Mamlaka ya mawasiliano ikaingilia kati. Ikaandika rasimu ya viwango vya kiufundi: sauti ipite safi kutoka kampuni moja hadi nyingine, mteja ahame na namba yake, na laini isikae kimya kwa muda mrefu wakati wa kuhamishwa. Lakini kabla bodi ya mamlaka haijaviidhinisha, kampuni zote mbili zilitakiwa zivijaribu kwa pamoja. Kila upande ukatoa mpimaji mmoja. Kwa kuwa kampuni hizo zilikuwa hazipikiki chungu kimoja, wapimaji walipigwa marufuku kuonana, kutajiana majina wala kuzungumza jambo lolote nje ya majaribio.

Kampuni ya zamani ilimtoa Sikio.

"Siku ya kwanza nikasema, 'Upande wa pili, unanisikia?' Sauti ya mwanamume ikajibu, 'Nakusikia kama uko jikoni nami niko sebuleni.' Nikatazama huku na huku. Nilihisi kama kuna mtu kafungua mlango nyumbani."

Ili kuipima sauti, mpimaji mmoja huongea na mwingine husikiliza. Walipewa maneno ya kusoma: meza, kiti, samaki, sukari. Baada ya muda maneno hayo yalikwisha ladha. Sikio akamwambia mwenzake aseme chochote, mradi asinyamaze.

Basi mwanamume yule akaanza kusema alichokiona dirishani. Tangi la maji juu ya paa la jirani, na kunguru wanaogombea ukingo wake. Mama anayeanika mashuka na upepo unavyoyavimbisha. Mawingu. Mawingu yalimpendeza zaidi. Moja alisema linafanana na ng'ombe aliyekasirika, lingine na godoro lililotobolewa.

"Mimi nilitakiwa kusikiliza kama herufi 's' inapita vizuri," Sikio anasema, akijifunika mdomo kwa mkono. "Nikawa nayaona mashuka. Nikitoka kazini nayaona. Nikipika nayaona."

Mama mkwe wake, ambaye sasa ana miaka sabini na minane, aliona mabadiliko mapema. "Mtu aliyezoea kunilalamikia chumvi, sasa anakula chakula hakina chumvi anatabasamu," anasema bibi huyo. "Nikajua hapa kuna jambo. Nikamuuliza, 'Ni nani?' Akasema, 'Mama, simjui.' Nikasema, 'Haya, angalau huyo hajakuudhi bado.'"

Majaribio yalipokaribia mwisho, mkuu wa kitengo alimwita Sikio ofisini na kufunga mlango. Hakuwa mtu mbaya, anasisitiza. Alikuwa mtu aliyeogopa. Viwango vikiidhinishwa, wateja wangehama kwa mamia, na wafanyakazi wangepunguzwa.

"Akaniuliza, 'Mwangwi upo?' Nikamwambia haupo. Akasema, 'Dada yangu, mwangwi ukitaka kuusikia utausikia. Sema tu upo. Watatuongezea muda wa majaribio, nasi tujipange. Wewe una sikio, lakini wenzako wana watoto.'"

Mwangwi katika simu ni pale unaposema "halo" na halo yako ikakurudia, kama mtoto anayekuiga. Ni kasoro ambayo ingetosha kuifanya bodi isitie saini.

Jambo ambalo mkuu wake hakulijua ni kwamba Sikio mwenyewe alikuwa na sababu ya kuutamani mwangwi huo. Majaribio yakiongezwa muda, ile sauti ingebaki. Yakimalizika, laini ya majaribio ingekatwa na wapimaji wasingekuwa tena na neno la kuambiana.

"Nilikaa na hedfoni nikausaka," anakiri. "Kweli nakwambia, niliutafuta kwa moyo wote. Nilitamani niusikie hata kidogo, ili nisiwe mwongo. Lakini yeye alikuwa anaongea, na sauti yake inakuja safi, safi, kama maji."

Jioni hiyo alimweleza mama mkwe kila kitu. Bibi alikuwa anachambua mchele. Aliendelea kuchambua mpaka mwisho, ndipo akauliza:

"Sasa mwanangu, mtu ukimpata kwa uongo, utamweka wapi?"

Kikao cha bodi kilifanyika katika ukumbi wenye feni zinazozunguka polepole na viti vya plastiki vilivyopangwa pande mbili, kampuni huku na kampuni kule. Sikio aliitwa mbele. Mwenyekiti wa bodi alimuuliza kama amebaini mwangwi au kasoro nyingine ya sauti.

"Laini ni safi," alijibu.

Anasema aliyasikia macho ya wenzake mgongoni.

Kisha akaitwa mpimaji wa kampuni mpya. Sikio, ambaye kwa miezi alikuwa amemchora kichwani kama mtu mrefu mwenye mabega mapana, aliona mwanamume mfupi akiinuka, kipara kinang'aa, begi la mgongoni kama la mwanafunzi. Alidhani ni mtu wa kuleta maji. Mpaka alipofungua mdomo.

"Nusura nicheke," anasema. "Sauti ndefu, mtu mfupi."

Mwanamume yule naye hakuipamba kampuni yake. Aliiambia bodi kwamba sauti ni safi, ila kampuni yake hukawia kuiwasha laini ya mteja anayehama, na mtu anaweza kukosa kumpigia daktari wakati huo. Akaomba muda wa kukaa kimya uwekewe kikomo kikali zaidi ya kilichoandikwa. Meneja wake alikunja uso. Bodi ikaongeza kipengele hicho, na kabla jua halijazama viwango vikaidhinishwa.

Watu walipotoka, Sikio alimwona mwanamume yule akisimama langoni, anawatazama wanawake wa kampuni ya zamani mmoja mmoja, kana kwamba anasubiri mmoja wao aseme kitu. Alitaka kusema. Lakini mkuu wake alikuwa ubavuni mwake. Akapita.

"Neno moja tu lingetosha," anasema.

Mkuu hakumgombeza. Alimkabidhi tu ufunguo wa ghala. Kwa miezi kadhaa mpima laini bora wa kampuni alikuwa analinda marobota ya nyaya ambazo hakuna aliyezihitaji. Baadhi ya wenzake walipunguzwa kazi, kama ilivyohofiwa. Wachache waliajiriwa na kampuni mpya. Mmoja, rafiki yake wa tangu enzi za uopereta, hakuajiriwa popote, na mpaka leo wakikutana hawasalimiani. Akifika hapo Sikio hatazami dirisha. Anatazama mikono yake.

"Ningejibu vilevile," anasema. "Lakini sisemi kwamba haiumi."

Mwanamume wa upande wa pili alipiga simu ofisini mara kadhaa kumuulizia "mama wa majaribio." Akajibiwa kwamba mtu huyo hayupo kitengo hicho. Mwishowe akaacha.

Aliyeumaliza ukimya huo ni mama mkwe. Asubuhi moja, Sikio akiwa ghalani, bibi alivaa viatu vyake vya kutokea, akaenda ofisi ya kampuni mpya na kuomba laini ya nyumbani ihamishwe, kwa namba ileile, kama viwango vinavyoruhusu. Kijana wa mapokezi alishangaa kuona anwani: nyumba ya wafanyakazi wa kampuni pinzani.

"Nikamwambia, 'Mjukuu wangu, kazi yako ni kuhamisha, siyo kushangaa,'" bibi anasimulia. "'Ila nina sharti. Laini yangu simtaki mwingine aipime. Namtaka yule anayeongea mawingu.' Akadhani nimechanganyikiwa. Lakini fundi mmoja kule nyuma akaanza kucheka. Akasema, 'Namjua huyo, bibi.'"

Siku ya kuhama kwa laini ilikuwa Jumamosi. Sikio alikuwa anafua. Simu ikalia, bibi akaondoa kitambaa, akainua mkono wa simu.

"Habari za leo," ikasema sauti. "Napima laini yako, mama. Unanisikia?"

"Mimi nakusikia," akajibu bibi. "Lakini ngoja. Kuna mtu hapa hajakusikia siku nyingi."

Akamwita mkwewe. Sikio alikuja akiwa na mapovu mpaka kwenye viwiko, akaushika mkono wa simu, akashindwa kusema. Upande wa pili nao ukawa kimya. Bibi anasema alidhani ile laini imekufa siku ya kwanza tu, akajilaumu.

Kisha sauti ikasema, taratibu, "Ni wewe. Nakujua unavyovuta pumzi."

Leo Sikio amerudishwa chumba cha mitambo, kwa sababu wateja wanaohama wamekuwa wengi na wapimaji ni wachache. Upande wa pili wa nyaya, kazi ileile anaifanya fundi mfupi mwenye kipara, mseja aliyekuwa amekata tamaa ya kuoa. Hakuna tena marufuku ya kuonana. Wanafunga ndoa mwezi ujao.

Swali lililobaki lilikuwa ni nani atakayesimama kama mzazi wa bibi harusi, kwani wazazi wake mwenyewe walikwisha kufariki. Ndugu wa marehemu mume wake wamenong'ona kwamba haijapata kuonekana mama mkwe akamwoza mke wa mwanawe. Bibi amewasikia.

"Nilimpokea akiwa mkwe," anasema, sauti imetulia kabisa. "Namtoa akiwa mwanangu. Asiyetaka kuja asije, chakula kitabaki."

Baada ya ndoa watahama nyumba ya kampuni, waende kupanga kwingine, wote watatu. Fundi amekwisha kupata nyumba. Ina chumba kinachopata jua la asubuhi, na hicho, amesema, ni cha mama.

Tunapoagana, wanawake hao wawili wako kwa fundi cherehani. Sikio anataka gauni la kijivu, la mtu mzima. Bibi ameshika kitambaa cha rangi ya waridi, amekibana kwapani, na hana dalili yoyote ya kukiachia.