Vitabu vya Mizimu vya Mzee Mulongo

Zedekiah Mulongo alifika kibandani kwangu katika soko la Gikomba na njugu mkononi na hasira usoni. Mimi huuza vitabu vikuukuu. Vinavyokosa mnunuzi nawauzia wachuuzi wa njugu kwa kilo, wakavichana kurasa za kufungia njugu. Karatasi iliyofunga njugu zake ilikuwa ukurasa wa hadithi ya mzimu, ulioishia pale mgeni anaposikia mtu akipumua ndani ya kabati.

“Nani alikupa ruhusa ya kunikata pumzi hapa?” akafoka. “Nipe kilichobaki.”

Nikamwambia kilichobaki kimeshatawanyika sokoni, kinafunga njugu. Nikajua pia nimepata mteja. Mtu anayekuja na hasira hana nguvu za kuteremsha bei.

Alikuwa karani mstaafu wa reli, akiishi mtaa wa Kware na mkewe, Norah Nabalayo. Alitaka mizimu ya wale waandishi Waingereza wa miaka mia moja iliyopita tu. Ya siku hizi aliitukana: eti hupiga kelele kama kondakta wa matatu.

“Wale walijua kungoja, Nthoki,” aliniambia. “Wanakupa chai, mvua, bwana msomi na kiburi chake. Halafu pazia linasogea, na dirisha limefungwa. Basi. Hofu unajipikia mwenyewe.”

Nikasoma moja nione nauza nini. Wiki hiyo koti langu lililala sebuleni; kabati sikuthubutu kulifungua.

Sasa, Mchungaji Bwire wa kanisa la mabati karibu na mtaa wa Mukuru kwa Reuben alimwambia Nabalayo kwamba vitabu vile ndivyo vinavyomfungia mwanawe, Wabwire, milango ya kazi. Siku Mzee alipokwenda kliniki, mama wa watu akavitia guniani, akampa Bwire akavichome. Jumapili Bwire akatangaza vimekuwa majivu. Jumatatu akaja kuniuzia gunia zima kwa kilo! Kila kitabu kilikuwa na jina la Mulongo.

Nilinunua, nikampigia Mzee simu. Nikamsihi avifiche kwangu na anyamaze, maana mwizi mwenye waumini hapigwi vita waziwazi. Akaniita mwoga, akaja kulichukua gunia.

Jumapili iliyofuata nikamfuata hadi kanisani kwa Bwire, akalibwaga gunia madhabahuni. “Haya, Mchungaji. Majivu ndiyo haya?”

Bwire alitoka jasho, kisha akainua mikono. “Mmeona wenyewe! Vitabu vya kuzimu haviungui!”

Kanisa likalipuka kwa mayowe. Nikasimama, nikasema aliniuzia yeye mwenyewe. Wakaniambia muuza mizimu anyamaze. Mafuta ya taa yakaletwa, na safari hii vikachomwa kweli, uani, wazee wa kanisa wakimshikilia Mulongo mikono huku akiwalaani kwa Kibukusu.

Nabalayo alitazama kurasa zikishika moto. Akamgeukia Bwire.

“Mchungaji, si umesema haviungui?”

Akajibiwa kwamba mafuta haya yameombewa. Akachukua mkoba wake, akamwambia mumewe, “Baba Wabwire, twende nyumbani.” Hajarudi pale tena.

Bwire amepata muujiza, na watu wanatoka hata mtaa wa Pipeline kuja kuusikiliza. Akina mama wa maombi waliokuwa wakinunua Biblia kwangu sasa hupita upande wa pili wa njia. Mulongo amempata mkewe upande wake. Vitabu havipatikani, nimetafuta gunia baada ya gunia, na bado naudhika. Angenisikiliza, angekuwa na vyote viwili, mke na vitabu.