Nilikunywa Pombe kwa Kaka Yangu, Mama Akakosa Chumba

Admin, nifichie jina, maana Gitega watu wanajuana. Mimi ni mwanaume wa miaka thelathini na moja, Mrundi, ila nimezaliwa na kukulia kambini Tanzania. Sasa naishi Muyinga na mama yangu, chumba kimoja cha kupanga, nashona viatu. Sitaki mnihurumie. Nataka mniambie ukweli, hata ukiuma.

Baba alikuwa na nyumba mtaa wa Yoba, Gitega. Mama aliingia humo akiwa bibi harusi, akamkuta mtoto mdogo aliyefiwa na mama yake. Nitamwita Dezire, si jina lake. Mama akamlea kama wa kumzaa. Vita vilipokuja mama akakimbia na mimba yangu, baba na Dezire wakabaki, na baba akafariki sisi tukiwa bado kambini. Miaka yote hiyo mama alinisimulia nyumba ile mpaka nikaijua kabla ya kuiona: mlango wa bluu, sebule ya madirisha mawili, chumba cha nyuma kinachopata jua la asubuhi. Siku hizi miguu inamsumbua. Anachotaka ni kimoja tu, azeekee katika kile chumba cha nyuma.

Basi nikampigia Dezire simu, nikamwambia nakuja tuongee kuhusu chumba cha mama. Akaniita petit, yaani mdogo wake: "Njo, petit. Hapa ni kwenu."

Nilipofika nikakuta nyumba imegeuzwa kilabu, na pombe inapikwa humohumo. Kinachoniudhi mpaka leo ni kwamba ni pazuri. Sebuleni kuna vigoda na mikeka safi, picha ya baba iko ukutani imezungushiwa maua ya plastiki. Chumba cha wazazi kimejaa mapipa. Uani ndizi zinaivishwa shimoni, na mtama uliochipua umeanikwa juani. Chumba cha nyuma ni magunia matupu yamepangwa mpaka dirishani. Majirani wanaingia wakiitana kwa majina, hakuna mlevi wala matusi. Nikajisemea, huyu kaka yangu ana mikono. Nikajivunia, mjinga mimi.

Jioni hiyo nikakuta wazee wanne wa mtaa wameketi sebuleni wakinisubiri. Katikati pamewekwa chungu cha impeke, pombe ya mtama, na mirija yake. Dezire akaonja kwanza, akafuta mrija mmoja, akanipa mkononi. Mkubwa wao akaniuliza, "Mutoto wa mwenzetu, uko na neno yenye unataka kusema mbele ya kukunywa?"

Neno nilikuwa nalo, ndilo lililonitoa Muyinga! Lakini mama amenilea kwamba mgeni haanzi na madai kabla hajamaliza salamu. Nikaona nitaongea na kaka asubuhi, sisi wawili. Nikajibu, "Hapana mzee, nimefurahi tu kuwaona."

"Basi tukunywe."

Wote wakanikazia macho. Nikamnong'oneza Dezire, "Mbona wananiangalia hivi?"

Akacheka. "Banafurahi tu, petit. Kunywa."

Nikanywa. Ilikuwa tamu, nikaomba tena.

Asubuhi nikaanza habari ya chumba. Dezire alikuwa anafagia sebule, hata kichwa hakuinua. "Iyo maneno si ilimalizika jana? Wazee walikuuliza, ukasema hauna neno. Ukakunywa." Hapo ndipo nilipolisikia kwa mara ya kwanza neno agatutu, yaani pombe ya mashahidi. Ikishanywewa mbele ya wazee, shauri limefungwa, na anayelifungua tena amewatukana wote walioinywa. Nikamwambia nilidhani ni ya kunikaribisha. Akasimama na ufagio wake. "Kwani we ni Mrundi ao ni Mtanzania?"

Kambini pombe ilinunuliwa kwa kikombe, mtu akanywa akaenda zake. Nani angenifundisha? Lakini yeye alijua kwamba sijui. Nilimuuliza akanicheka, na hilo simsamehei.

Nikarudi Muyinga. Mama alikuwa mlangoni. Nikaanza kusema wamenipokea vizuri, akanikatiza.

"Ulikunywa?"

"Nilikunywa."

"Wazee walikuwepo?"

"Wanne."

Akakaa chini palepale. Hakulia, bora angelia. Akasema, "Kosa ni langu. Nilikufundisha kusalimia, sikukufundisha kukataa." Tangu siku hiyo hajalitaja tena lile dirisha la jua la asubuhi.

Wapo wanaosema niende mahakamani. Nikasemeje? Nikisema sikujua maana ya kile chungu, nimekiri mbele ya watu kwamba mimi ni mgeni, na mgeni ana nyumba gani Yoba? Nikisema nilijua, basi chumba cha mama nimekitoa kwa mdomo wangu.

Na hayajaisha. Wiki iliyopita Dezire alituma dumu la pombe ya ndizi kwa dereva wa basi, na ujumbe: "Iyi bidon ni ya Mama. Aonje, asiseme nilimusahau." Mama anajua. Akionja, naye amekubali shauri lilivyofungwa na wazee. Akilirudisha, amemkataa mtoto aliyemlea, na kwetu kurudisha pombe ya mtu ni kutangaza uadui. Kwa hiyo dumu liko pembeni ya kitanda chake. Kila asubuhi nalegeza kifuniko kidogo lisipasuke, na chumba kizima kinanuka ile nyumba ya Yoba.

Leo mama alilitazama, akanigeukia. "Wewe ndiye uliyeanza. Niambie basi mwanangu, na mimi ninywe?"

Nimetoka nje na simu, ndiyo naandika haya. Nyie mnaosoma, wenye wazazi na wenye akili kuliko mimi, nikirudi ndani nimwambie nini?