Nimesamehe Yote

Shamba lenyewe lilifunguliwa na babu mkuu Hamoudi, kule nyuma ya Kaole, kabla Mjerumani hajaja kupandisha bendera yake Bagamoyo. Alikata pori, akapanda minazi, akafa. Na kwa jinsi Mungu alivyopanga, kila kizazi baada yake kilibakiza mtoto mmoja tu wa kurithi, kwa hiyo shamba halikuwahi kukatwa hata mara moja. Lilimfikia Mzee Kitwana likiwa zima vilevile. Mzee Kitwana ndiye aliyevuruga mambo: alizaa watatu, na wote watatu wakakua.

Wa kwanza ni Shamsudin, mwenye duka la vifaa vya ujenzi Dar es Salaam. Kitinda mimba ni Muhidini, aliyeajiriwa na hifadhi kule Saadani. Katikati yao ni Hafidha, na Hafidha yuko pale pale shambani. Aliolewa mapema, akaachwa mapema, akarudi kwao na sanduku lake, na tangu hapo hakutoka tena. Mama alipopooza, wa kumwogesha alikuwa yeye. Mama alipofariki na baba akaanza kuishiwa nguvu za miguu, alikuwa yeye tena. Wakwezi wakija kuangua nazi, yeye ndiye msimamizi. Wakiondoka, anazifua, anasuka makuti, kisha anarudi ndani kumgeuza mzee upande wa pili. Ndugu zake walikuja sikukuu, wakala pilau, wakamsifu mbele ya wageni. Sifa zile ndizo zilizokuwa mchango wao.

Siku mzee alipofariki, wanaume walikusanyika uani kubeba jeneza. Kwao huko maiti hatolewi nyumbani mpaka watu wake wamwachie radhi. Wanawake walikuwa ndani, basi Shamsudin akasimama mlangoni akaita, "Hafidha! Baba anatoka. Umesamehe?"

"Nimesamehe," Hafidha akajibu. Kisha, kwa kuwa kilio kilikuwa kimemkaba na kulikuwa na jambo zito baina yake na yule mzee, akaongeza kwa sauti iliyosikika ua mzima, "Nimesamehe yote!"

Hilo "yote" ndilo lililomponza.

Baada ya arobaini Shehe Abuu aliitwa kugawa mirathi. Hafidha alimwamkia shikamoo, akamtilia kahawa, akakaa mkekani karibu na mlango wa jikoni kama alivyozoea. Shehe akaweka karatasi katikati ya mkeka, akaanza kwa utaratibu wake: watoto wa kiume wawili, wa kike mmoja, mafungu ni matano. Kila mwanamume mawili, Hafidha moja. Hafidha hakuona kinyongo. Ndiyo sheria ya dini yake na aliijua tangu chuo cha Kurani. Alichokuwa akikiomba moyoni ni kwamba fungu lake liangukie kwenye nyumba na minazi inayozunguka kisima. Hapo alipazoea, na kwa umri wake hakuwa na pa kuanzia pengine.

Shamsudin akakohoa. "Shehe, usijichoshe na matano. Gawa mara mbili. Hafidha amekwisha samehe."

"Amesamehe nini?"

"Fungu lake. Ulikuwepo, Shehe, jamaa wote walikuwepo. Nilimwuliza mlangoni, akasema amesamehe yote. Madada wengi huwasamehe ndugu zao, si jambo jipya. Na sisi hatutamtupa. Nyumba ikivunjwa atakuja kwangu, wajukuu wananisumbua, wanahitaji mtu."

Nyumba ikivunjwa! Hivyo ndivyo Hafidha alivyojua kuwa mnunuzi amekwisha patikana.

Niseme ukweli: katika miji yetu ya pwani dada akitamka "nimesamehe" penye mirathi, maana yake ameachia fungu lake. Akilitamka mbele ya jeneza, amemwachia maiti radhi. Neno ni hilo hilo, na watu hulielewa kwa pale linaposemewa. Shamsudin alizaliwa hapa, akalelewa hapa. Asiniambie mtu kwamba alichanganya.

"Nilimsamehe baba," Hafidha akasema. "Sikusamehe shamba."

Shehe Abuu aliweka kikombe chini. Hakuwa mtu mbaya, ila alipenda mambo yanyooke. "Mwanangu, neno lako limesikiwa na watu wengi, na hukusema limeelekea wapi. Nisaidie. Ulimsamehe baba yako jambo gani?"

"Hakuna!" Shamsudin akadakia. "Baba alimkosea nini huyu? Alimpokea alipoachwa, akamlisha, akamvika. Hapakuwa na kosa la kusamehe. Kilichokuwepo ni shamba."

Hafidha akapima mambo. Akinyamaza, nyumba inakwenda, na yeye anakwenda Dar es Salaam kulea wajukuu wa kaka yake mpaka naye abebwe. Akisema, anamvua nguo marehemu baba yake mbele ya shehe, siku chache tu baada ya kumwombea hitima, tena kwa jambo aliloapa kuwa limekwisha. Alikuwa kama samaki ndani ya dema: pa kuingilia anapaona, pa kutokea hapaoni. Alimkasirikia Shamsudin, akamkasirikia shehe, na zaidi akaukasirikia ulimi wake mwenyewe. Mtu amwage machozi kwa baba yake, kisha machozi hayo yaje kumfukuza nyumbani! Kwa nini hakuishia kwenye "nimesamehe" akanyamaza kama wenziwe?

Akajikaza.

"Kulikuwa na Ausi," akasema. "Mtu wa Pangani, mgane, alikuwa akija hapa kununua nazi. Aliniambia atawaleta watu wake waje kuniposa. Nikangoja. Hakuna aliyeniambia kwamba walikuja. Nikajua nimedharauliwa, nikaishi na hiyo dharau ujana wangu wote. Juzijuzi tu, baba yuko kitandani namnywesha uji, akaniambia mwenyewe: walikuja, akawajibu kuwa nimekwisha poswa. Akasema, 'Ningekutoa, nani angetutazama?' Hilo ndilo nililomsamehe, Shehe. Lilinishinda mpaka siku aliyofariki. Nililimaliza pale mlangoni, jeneza likitoka."

Alipomaliza alijiona mwovu. Baba yake, ambaye mtaa mzima ulimsifu kwa upole, sasa alikuwa amelala kaburini na aibu yake iko wazi mkekani.

"Maneno," Shamsudin akasema. "Marehemu hawezi kujibu."

"Kuna shahidi?" Shehe akauliza kwa upole.

Hafidha akatikisa kichwa. Shahidi angemtoa wapi? Mama alikwisha tangulia, na Ausi alikwisha oa kwao Pangani zamani, hakuwa wa kumwita.

"Mimi, Shehe."

Alikuwa Muhidini. Tangu asubuhi hakuwa amefungua kinywa, na sasa alizungumza akichezea ukindu wa mkeka.

"Muhidini, nyamaza," Shamsudin akasema.

"Nimenyamaza vya kutosha, kaka. Shehe, wajumbe wa Ausi walikaa humu humu, dada ameenda sokoni. Baba akatutoa nje, mimi na kaka. Akatuuliza, Hafidha akiolewa, nani kati yenu atamchukua mama? Kaka akasema nyumba yake ndogo. Mimi nilikuwa sijaoa, nikasema sina mtu wa kumwogesha. Baba akasema basi tutafute mtumishi, mtoto aende kwa mumewe. Alitaka kumwoza, dada. Wallahi alitaka. Kaka ndiye aliyemwambia, waambie ameshaposwa. Na mimi nikaitikia."

Hafidha alimtazama mmoja, akamtazama wa pili. Baba alikuwa amebeba lawama yote mpaka kitandani, hakuwataja wanawe. Nusu ya kosa ilikuwa imezikwa na radhi zake. Nusu nyingine imekaa mbele yake, imevaa kanzu safi, inataka kuuza nyumba. Alihisi hasira ambayo hakuwahi kumhisia baba hata siku ile ya uji.

Shehe Abuu alishusha pumzi. "Neno lako limejulikana lilipokwenda, mwanangu. Lilikuwa la baba yako, shamba halimo. Mafungu ni matano." Akawageukia wote. "Lakini siwezi kugawa mali ya marehemu baina ya watu wenye vinyongo. Anzeni kwa kusameheana, kisha nitaandika."

Muhidini alikuwa akijifuta macho kwa ukosi wa kanzu. Shamsudin naye akalegea. Sauti yake ikawa ile ya sikukuu, ya mbele ya wageni.

"Hafidha, dada yangu. Tulikukosea. Umetusamehe?"

Wote wakamngoja. Neno lilikwisha mfika Hafidha kwenye ncha ya ulimi, maana mwanamke wa pwani hufundishwa kulisema tangu angali mdogo, na midomo yake ilikwisha funguka. Akalimeza. Akaivuta ile karatasi iliyokuwa katikati ya mkeka, akaiweka magotini pa Shehe Abuu.

"Shehe," akasema, "andika fungu langu kwanza."